Kata Moja, Midomo Miwili

Melkiori Kapufi alimpasua kifaranga wa sato kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia tundu la nyuma hadi kooni, akamgeuza ndani nje kama mtu anayegeuza mfuko wa suruali. Tumbo lilikuwa limejaa. Unga wa matete ulikuwa humo, kijani kibichi, umetulia kama ulivyomwagwa jana. Akaunusa. Ulinuka majani.

"Na huyu kashiba," akasema.

"Wote wameshiba," alijibu Zenobi, mwenzake wa zamu, aliyekuwa ameinama kwenye tangi la pili akiokota maiti kwa chujio. "Mimi nikifa na shibe kama hii, msinililie. Nipigieni ngoma."

Kikapu kilichokuwa kati yao kilikuwa kimejaa vifaranga waliokufa, mgongo wa kila mmoja umechongoka kama wembe na tumbo limevimba kama la mjamzito. Melkiori alichukua mwingine, akapasua. Kijani. Akachukua mwingine.

Kifaranga mzima, ukimpasua, tumbo lake hunuka uchachu na kilichomo ni uji wa kahawia. Hiyo ndiyo kazi aliyotengenezewa. Zamani, kulipokuwa bado na watu wa kutengeneza vitu, kuna waliochukua vimeng'enya vya mchwa wakavipachika kwenye utumbo wa sato ili ale matete, kwa sababu ziwa lilikuwa limekauka na kilichobaki kikiota kwenye sakafu yake ni matete tu. Watu hawawezi kula matete. Basi samaki akala matete, watu wakala samaki, na Bwawani ikaendelea kuwa na watu.

Ila vimeng'enya vile vilikuwa na maringo. Maji yakikosa chumvi kabisa, vinalala. Chumvi ikizidi, kifaranga anaanza kuyagugumia maji asije akakauka, na utumbo wake mchanga unaacha chakula na kuhangaika na kutoa chumvi. Samaki mkubwa anavumilia. Mdogo hawezi. Anakula, anajaza tumbo, chakula kinakaa pale pale, na anakufa njaa mdomo ukiwa bado unatafuna.

"Ni maji," Melkiori alisema.

"Maji yameonjwa." Zenobi hakuinua kichwa. "Mama Mwonjaji kasema sawa. Na wewe ukanywa baada yake, ukasema sawa." Akakung'uta chujio juu ya kikapu. "Au hukunywa?"

Melkiori alichukua kifaranga mwingine.

Vipimo vya umeme viliwahi kuwepo Bwawani. Magadi yalivila kimoja kimoja, na cha mwisho, kabla hakijafa, kilidanganya msimu mzima, watu wakafa kwa njaa hadi waliobaki wakachoka kuchimba makaburi. Tangu hapo walikataa vipimo wakaweka Mwonjaji. Wengine wote walikunywa maji ya mgao, yale ya kisima, yenye chumvi ya kupasua midomo. Mwonjaji peke yake alikunywa maji safi ya mtambo wa kutoa chumvi, akala chakula kisicho na chumvi, ili ulimi wake usilale. Kila asubuhi alichota kata moja kutoka pipa la kuchanganyia, akaonja, akasema. Yasizidi jasho la mtoto aliyelala, ndivyo walivyofundishwa. Halafu mlezi wa vifaranga naye alisafisha ulimi kwa kikombe cha maji safi, akanywa yaliyobaki ndani ya kata ile ile, ili mtu asije akasema ameonja maji mengine. Kata moja, midomo miwili. Ndiyo sheria.

Sheria haikusema lolote kuhusu wakwe.

Mwonjaji alikuwa Bibi Paskazia, mama mzazi wa Apolonia, marehemu mke wa Melkiori. Tangu siku alipooa, Melkiori hakuwahi kumtazama mama huyo usoni. Hakuwahi kula mbele yake. Wakikutana njiani alitoka pembeni akainamisha kichwa mpaka apite. Na sasa walitaka aweke midomo yake pale pale midomo ya mkwe wake ilipotoka, mate yao yakutane. Watu wa mtamboni, ambao wakwe zao walishakufa wote, waliona hilo si kitu. Melkiori aliona afadhali aingie sokoni uchi. Basi kila asubuhi aliinua kata, akaegemeza ukingo kwenye sharubu, akameza mate yake mwenyewe, akamwaga maji mgongoni na kusema, "Sawa."

Kikombe chake cha asubuhi kilikuwa bado na maji safi kidogo. Aliyasukutua, akayatema, akachota maji ya tangi kwa kiganja na kuyanywa. Yalimuuma pembeni mwa ulimi.

"Vipi?" aliuliza Zenobi.

"Kali."

"Kali namna gani?"

"Ya kuua."

Zenobi alinyooka taratibu. Alitazama kikapu, akatazama safu ya matangi, akamtazama Melkiori.

"Basi nenda kamwambie mkweo."

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni hawa waliobaki watakuwa kwenye kikapu hiki. Mimi nyumbani nina midomo inayokula, kaka."

"Nimekuomba, Zenobi."

"Nimesikia," alisema Zenobi, akakivuta kikapu upande wake.

*

Chumba cha Mwonjaji kilikuwa nyuma ya mtambo, mahali upepo wa magadi haukufika. Melkiori alisimama mbali na mlango, akakohoa.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu. Mtoto yupo hapa."

Hilo alilijua. Tangu mama yake afe, Tekla alishinda kwa bibi yake kila siku. Zamani Mwonjaji hakuruhusiwa kukaa na mtu, lakini bibi alikuwa mzee, mtoto yatima, na watu wa zamu walifumba macho. Pazia lilikuwa limesogezwa. Melkiori aliinamisha kichwa kama ilivyompasa, na kwa kuinama huko ndipo alipoona kilichokuwa sakafuni: dumu dogo la maji safi, lile linaloletwa limefungwa kwa lakiri ya mtambo, na mkono wa binti yake umeshika kikombe chini ya mdomo wa dumu.

"Tekla," alisema. "Nenda kacheze."

Mtoto alimaliza maji kwanza, akajifuta mdomo, akapita mbio. Melkiori alingoja hadi nyayo ziishe.

"Mama, wewe unakunywa nini?"

"Ninachokunywa wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu miguu ya mtoto ilipoanza kuvimba. Uliona miguu ya mama yake ilivyovimba. Uliona figo zilivyomfanya. Maji haya ya kisima yalimla mwanangu kidogo kidogo, mimi nikiwa na dumu la maji safi chini ya kitanda kwa sababu sheria inasema ni ya ulimi wangu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilizika mmoja. Wa pili siziki mimi."

"Vifaranga wanakufa, mama."

"Nimesikia kelele za vikapu."

"Maji ni makali. Leo nimeyaonja kwa ulimi wangu."

"Leo." Alisema neno hilo peke yake, akaliacha hapo. Alikuwa amejua muda wote kwamba mkwe wake hanywi. "Mimi kila siku niliyaonja, na kila siku nilisema kweli. Ulimi ukilala haukuambii kwamba umelala."

Melkiori alikaa chini, mgongo kwa mlango, ili waongee bila kutazamana. Alifikiri haraka, kitu ambacho hakukizoea.

"Kesho useme ni makali. Mimi nitakunywa kweli, nitakubali. Watapunguza chumvi kwa maji ya mtambo, vifaranga watapona, hakuna atakayeuliza. Mengine tutayamaliza wenyewe."

"Na mtoto?"

"Mtoto ataendelea na dumu. Kila asubuhi nitayaonja kwa siri kabla yako, niwe ulimi wako. Nikikohoa, ni makali."

Bibi Paskazia alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Utakunywa baada yangu, Baba Tekla?"

"Nitakunywa."

"Basi sikiliza jambo moja. Mambo yakiharibika, yaharibikie kwangu au kwako, popote yanapotaka. Lakini huyo mtoto asionje mbele za watu. Kwa Bwawani yote sasa, ulimi ulio safi ni wake. Siku akionja, umemwoza kwa pipa."

Melkiori alisema ndiyo, mama. Alisema kama mtu anavyosema akiwa anawaza kitu kingine. Kutoka upande wa matangi alikuwa ameanza kusikia chuma kikigongwa, ile sauti ya kuita watu wote.

*

Zenobi alikuwa amebeba kikapu mwenyewe. Kilikuwa kimemwagwa chini mbele ya pipa la kuchanganyia, na watu walisimama kukizunguka bila kukikanyaga. Walikuwa wakikitazama jinsi watu wanavyotazama chakula kilichoanguka.

Msimamizi Sabasi Nswima alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ili umsikie ilibidi unyamaze, na watu walinyamaza.

"Ni moja kati ya mbili," alisema. "Ama chakula, ama maji. Chakula anasaga Melkiori. Maji anaonja Mama. Aliyeharibu atavuka leo."

Kuvuka kulikuwa kutembea. Mtu alipewa dumu la maji ya mgao, akaelekezwa mashariki kwenye uwanda mweupe wa chumvi, na nyuma yake wakasimama vijana wenye fimbo mpaka awe nukta. Ilisemekana ng'ambo kuna watu. Aliyerudi kusema kama ni kweli hakuwahi kuonekana.

"Ni maji," alisema Melkiori. "Nimeyaonja."

"Umeyaonja lini?"

"Leo."

"Na juzi? Na mwezi uliopita?"

Zenobi ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa furaha.

"Hajawahi kunywa, Msimamizi. Nasimama naye kila siku. Anamwaga nyuma."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu," Melkiori alisema.

Mtu mmoja alicheka. "Tunakufa njaa kwa sababu ya haya za bwana harusi," akasema mwanamke wa nyuma, na wengine wakacheka pia, kicheko kibaya chenye meno. Msimamizi hakucheka.

"Ningekuwa wewe, labda ningemwaga vile vile," alisema. "Lakini ulimi wako siutaki tena. Unajitetea. Na wa Mama unajitetea. Natafuta wa tatu."

Aliwazungukia watu, akiwatazama midomo. Ilikuwa midomo ya Bwawani: imepasuka, imebanduka, ya wengine ina damu kavu kwenye pembe. Aliwapitia mmoja mmoja kama anayekagua meno ya ng'ombe. Akafika kwa Tekla, aliyekuwa amejificha nyuma ya kitenge cha bibi yake, akainama. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye jua.

Midomo ya mtoto ilikuwa laini. Haikuwa na ufa hata mmoja.

Msimamizi alinyanyuka akamtazama Bibi Paskazia kwa muda. Sasa alijua karibu yote, na kila aliyekuwa na macho alijua. Lakini kujua kwa macho hakukuwa sheria. Sheria ilikuwa kata.

"Baba yake ampe," alisema. "Asije mtu akasema nimemtisha."

Melkiori aliletewa kata. Alichota, akapiga goti mbele ya binti yake. Mikono yake ilitulia, mikono ya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo vyenye uhai.

"Baba," Tekla alinong'ona, "niseme nini?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na zote alikuwa anaziona hadi mwisho. Aseme sawa: basi kosa ni la chakula, na atakayevuka ni msagaji. Mtoto anabaki na bibi yake, dumu linabaki chini ya kitanda, pipa linaendelea kuwa kali na vifaranga wanaendelea kufa na shibe yao, mpaka mtu mwingine agundue akiwa amechelewa. Aseme kali: samaki wanapona, Bwawani inakula, na mama aliyemzalia mke anaenda kwenye chumvi.

Halafu kulikuwa na jambo la tatu, lile alilolikubali mlangoni akiwaza kitu kingine.

"Melkiori."

Bibi Paskazia alikuwa amemwita kwa jina. Mkwe hamwiti mkwe kwa jina. Melkiori aliinua uso kwa mshtuko, na kwa mara ya kwanza tangu aoe wakatazamana macho kwa macho. Alikuwa na macho ya Apolonia, yale yale. Hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuwahi kupata nafasi ya kuona.

"Usimfanyie hivyo," alisema.

Watu walidhani anajiombea. Mwanamke wa nyuma alitema mate.

Melkiori alijiambia kwamba ni kwa ajili ya samaki. Ni kwa ajili ya watoto wa Zenobi, ni kwa ajili ya wote waliosimama pale. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini kama mtoto angesema sawa, wa kuvuka angekuwa yeye, na hilo nalo alikuwa analijua.

"Sema ulivyoonja, mwanangu."

Tekla alikunywa. Uso ulimkunjamana, akatema.

"Kali," alisema. "Kali sana." Akamgeukia bibi yake, akishangaa kweli. "Bibi, wewe husikii?"

*

Hawakungoja. Jua lilikuwa bado juu walipomletea dumu. Kijana wa mtamboni alitaka kumjazia maji safi, Msimamizi akamzuia.

"Ya kisima. Mwenyewe anasema hayana tofauti."

Bibi Paskazia hakuomba kitu. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akashika dumu, akaanza kutembea. Njia ilipita pale Melkiori aliposimama. Alipomkaribia, Melkiori alitoka pembeni na kuinamisha kichwa mpaka apite, kama alivyofanya siku zote. Alipokuja kuinua macho, fimbo za vijana zilikuwa zimeshamziba. Hakumwona alivyoondoka.

Tekla alikuwa analia, analivuta shati la baba yake. Msimamizi alichuchumaa mbele yake na kumfuta machozi kwa leso yake mwenyewe, taratibu, akihakikisha hayashuki mdomoni.

"Hapana," alimwambia. "Mwonjaji halii. Machozi yana chumvi."

"Ni mtoto," alisema Melkiori.

"Ni ulimi. Hatuna mwingine. Kumwandaa mtu mzima ni msimu mzima wa maji safi, na samaki hawana msimu." Alisimama. "Uzembe ulianzia kwenye mlango wazi. Safari hii utafungwa. Hatashikwa na mtu, mikono yetu ina magadi. Atakula bila chumvi, atalala nyuma ya mtambo, atatoka asubuhi kuonja na kurudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulimi ulale." Msimamizi alimtazama kwa kitu kilichofanana sana na wivu. "Unasikitika nini wewe? Mkeo alikufa kwa maji haya. Mimi figo zangu nazisikia usiku. Wewe ndiye baba pekee hapa ambaye mtoto wake atazeeka."

Ilikuwa kweli. Melkiori alimkumbatia Tekla mpaka vijana wa mtamboni, wamevaa glavu, walipomwondoa mikononi mwake.

*

Maji yalipunguzwa chumvi. Mgao wa watu ulikatwa ili pipa lipate maji ya mtambo, midomo ikapasuka zaidi, hakuna aliyelalamika. Zenobi alimpasua kifaranga, akanusa, akampelekea Melkiori kidole chini ya pua.

"Uchachu," alisema. "Kahawia kama uji wa ulezi. Nusa, kaka."

Melkiori alinusa. Ulikuwa uchachu mzuri.

"Utaninyamazia mpaka lini?" Zenobi aliuliza. "Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningefanya vile vile," alisema Melkiori, akachukua kikombe chake, akaenda kwenye pipa.

Walimleta kutoka nyuma ya mtambo, wamemvika kanga nyeupe inayoburuza. Walikuwa wamemnyoa nywele, vumbi lisikae. Kiti cha Mwonjaji kilikuwa kirefu na miguu yake haikufika chini. Kwa mujibu wa desturi Mwonjaji husalimiwa na kila mtu kabla ya kuchota, awe mkubwa awe mdogo, na watu wa zamu walikuwa wanangoja.

"Shikamoo, mama," alisema Melkiori.

Tekla alimtazama kwa macho makavu. Alikuwa ameshafundishwa.

"Marahaba."

Alichota kwa mikono miwili, kwa kuwa kata ilikuwa nzito. Alionja, akayazungusha mdomoni kama alivyokuwa akimwona bibi yake akifanya, akameza.

"Sawa," alisema, akamnyooshea kata kwa mkono ulionyooka kabisa, ili vidole visigusane.

Melkiori alisafisha ulimi, akatema. Akaigeuza kata taratibu mpaka ukingo wenye unyevu ukawa upande wake. Zenobi alikuwa anatazama, Msimamizi alikuwa anatazama, na hakujali. Aliweka midomo yake pale midomo ya mwanawe ilipotoka, akanywa polepole, akanywa hadi tone la mwisho. Kata ilikuwa tupu, na bado hakuitoa mdomoni.

"Mlezi," aliita Msimamizi kwa sauti yake ndogo. "Tunangoja."